Episodi 86 halafu kioo cheusi! Huyu mzee katutukana

Mwanakikwajuni kaanzisha uzi:

Wallahi sijalala. Nyote mnamjua ninayemsema, sina haja ya kumtaja, na jina lake leo sitaki hata kulitia mdomoni. Yule mzee aliyeitunga The Sopranos, tamthilia ya Kimarekani ya Tony, bosi wa mafia. Mwisho ule kauandika mwenyewe na kauongoza mwenyewe, kwa hivyo hana wa kumsingizia.

Episodi 86. Misimu sita, toka 1999 mpaka 2007. Nimemfuata Tony kwa daktari wake, nimemfuata mazikoni, nimekaa naye hospitali alipopigwa risasi na ami yake mwenyewe. Nimemwona anamziba kijana wake Christopher pua mpaka roho inatoka, nikastahamili. Nikasema ngoja, hesabu yako iko mwishoni.

Haya, mwisho ukaja. Tony kaingia mkahawani, kakaa, kachagua nyimbo kwenye mashine pale mezani. Mkewe kaja. Mtoto wa kiume kaja. Vitunguu vya kukaanga vimeletwa, wanatia mdomoni kimoja kimoja. Kila mlango ukifunguliwa kengele inalia na Tony anatazama. Kwenye kaunta kuna bwana kavaa jaketi, anamtupia jicho, anageuka, kisha anainuka anakwenda chooni. Mie mate yamenikauka! Nje binti yake Meadow anahangaika kupaki gari, anaingia, anatoka, anaingia tena, utadhani anapaki meli. Mwisho kafanikiwa, anavuka njia mbio. Kengele inalia. Tony anainua uso.

CHEUSI.

Hakuna picha, hakuna sauti. Nikajua umeme umekatika. Natazama feni, inazunguka. Natazama taa ya ukumbini, inawaka. Nikatikisa waya wa televisheni, nikachomoa flashi, nikaipuliza, nikaichomeka tena, nikarudisha nyuma. Meadow anakimbia, kengele, Tony anainua uso, cheusi. Pale pale! Nikampigia shemegi aliyenipa hiyo flashi, saa nane za usiku, kumwambia kanipa faili bovu. Akacheka mpaka akakohoa. "Si bovu shemegi, ndiyo imekwisha hivyo."

Ndiyo imekwisha! Wamarekani wenyewe siku ile walidhani kebo zao zimekufa. Mtu gani mwenye heshima na watazamaji wake anafanya vile? Ni sawa na kumwalika mtu pilau, kashanawa mikono, sinia liko mbele yake, ukazima taa ukamtoa nje. Na sisi watu wa Unguja, tuliokaa gizani toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ndio wa kuletewa giza tuambiwe hii sanaa?

Tena kuonyesha anaweza! Adui yake Phil Leotardo kapigwa risasi kituo cha mafuta, wajukuu wake wamo ndani ya gari, gari ikaondoka peke yake ikamkanyaga kichwa. Hilo halikuzimwa. Kuna paka kakaa anaitazama picha ya Christopher, kapewa nafasi yake na wakati wake. Paka! Lakini Tony wetu, kengele, anainua uso, cheusi.

Na asije mtu hapa kuniambia "jaza mwenyewe". Kazi ya kujaza ni yake, kalipwa yeye. Mwenye akili timamu aniambie kama huyu mzee yuko sawa.

BintiMalindi:
2007! Yakhe hii imekwisha 2007! Wenzio tushalia, tushanyamaza, tushaolewa na watoto wanasoma. Wewe leo unaturudisha matangani?

Mwanakikwajuni:
Mie nimeona jana, nimetukanwa jana. Hasira zangu mbichi.

KakaWaWete:
Tony kafa, basi. Kumbuka pale kwenye mashua ziwani, yeye na shemegi yake Bobby wanazungumza habari ya kuuawa, Bobby anasema ikija pengine hata husikii. Sasa wewe umesikia kitu? Hukusikia. Kile kioo cheusi ndicho alichokiona Tony. Mwenye jaketi katoka chooni kammaliza. Na huyo mzee wako, David Chase, mwaka 2021 alihojiwa, akaeleza kuwa mwanzo alikuwa na wazo Tony auliwe akiitwa mkutanoni, kisha akapita akaona kimkahawa kidogo akaona mahala kama pale ndipo pazuri. Mambo yako wazi. Ila lazima utazame huku simu umeiweka chini.

Mwanakikwajuni:
Kama kafa nionyeshe maiti! Sisi maiti tunamuosha, tunamsalia, tunamzika, hatumbahatishi. Miaka kumi na nne watu wanagombana majumbani, yeye kakaa kimya, kisha anakuja kutuambia habari za kimkahawa? Angesema usiku ule ule! Kengele, uso, cheusi. Mimi hiyo kengele naisikia mpaka sasa.

BintiMalindi:
Nenda hospitali.

MvuviWaNungwi:
Wewe una bahati yako, shukuru. Mie nimetazama Dexter, ile ya muuaji wa Miami, misimu minane, mpaka 2013. Dada yake Dexter yuko hospitali hana fahamu, Dexter mwenyewe kachomoa mashine, kambeba kamtia kwenye boti, kaenda kumtosa baharini. Na kimbunga kinakuja! Polisi wote wa Miami wako wapi, manesi wako wapi, hakuna aliyeuliza yule mtu na shuka lake anakwenda wapi. Kisha mwenyewe kaelekeza boti ndani ya kimbunga. Tukasema haya, kafa, tumsamehe. Wapi! Kafufuka huko kafuga ndevu, mkata magogo! Mie nimezaliwa na bahari, nakwambia boti ile kwa upepo ule hairudi, na mtu wake harudi. Nilizima nikatoka nje nikaenda kutazama ngalawa yangu tu nipate kutulia.

Mwanakikwajuni:
Wako angalau ulimwona anakata magogo. Na tena wakamrudisha 2021 wakatengeneza. Wangu nani atamrudisha? Gandolfini aliyemcheza Tony kafariki 2013, Mungu hakumpa umri. Hakuna wa kuja kuinua uso tena.

MvuviWaNungwi:
Wamerudisha wakatengeneza? Uliitazama hiyo ya 2021? Mtoto wake mwenyewe kampiga risasi! Usinitie wazimu asubuhi hii.

KakaWaWete:
Mnataka mwisho? Tazameni Breaking Bad. Episodi 62, Septemba 2013. Walter White, mwalimu aliyegeuka mpika madawa ya kulevya, kaenda kwa mkewe, kakiri kuwa yote kayafanya kwa ajili ya nafsi yake, kamtoa mwenzake Jesse utumwani, kaanguka kafa. Hakuna alobakia na swali.

FundiSimuDarajani:
Mimi ninalo swali. Bunduki ya rashasha imewekwa ndani ya buti ya gari, inapiga peke yake kwa rimoti ya kufungulia gari, inamaliza karibu nyumba nzima ya majambazi, na wale wawili tunaowataka ndio wako sakafuni wakati ule ule? Mie kazi yangu rimoti. Rimoti mlango wa gari tu unaikatalia ukiwa hatua tano.

KakaWaWete:
Wewe rimoti zako unazouza ndizo zinazokataa. Yangu haikumaliza mwezi.

FundiSimuDarajani:
Uliitia majini! Mbele za watu wote hapa, uliitia majini!

BiMkubwaMichenzani:
Watoto mnagombana kwa ajili ya wauaji. Mie natazama zangu za Kituruki, watu wanapendana, wanaachana, wanarudiana. Lakini na mie nna langu. Hawa wanaozitia Kiswahili, jamani! Sauti moja inamsema bibi, inamsema mkwe, inamsema mpaka mtoto mchanga. Jana bibi kafariki, mkwe akalia kwa sauti ya marehemu. Nikashindwa kujua nani kafa.

BintiMalindi:
Bi Mkubwa umeninena! Na ile ya yule mwanamme mzuri, wamempa sauti ya mzee wa miaka sabini. Mapenzi yote yakanitoka.

MvuviWaNungwi:
Na wanakata pale pale anapotaka kusema mtoto wa nani.

Mwanakikwajuni:
Jamani, uzi wangu ni wa kile kioo cheusi.

MzeeWaKahawa:
Kukata sikuhizi ndiyo mtindo. Sisi Zanzibar tumetazama televisheni ya rangi toka miaka ya sabini, wakati wenzetu wa bara hawana hata ya nyeusi na nyeupe. Wamekuja kupata 1994! Tukitazama kitu kikiisha, kimeisha, watu wanarudi majumbani.

MbaraMpole:
Mzee shikamoo. Kila uzi lazima mtukumbushe hiyo 1994?

MzeeWaKahawa:
Marahaba mwanangu. Ntawakumbusha mpaka nife.

KakaWaWete:
Mzee na sisi Pemba usitusahau, umeme wa waya wa baharini tumeupata 2010. Kabla ya hapo majenereta. Tulikuwa tunakosa mwisho wa kila kitu, si tamthilia tu, mpaka mpira. Fainali ikifika dakika ya themanini jenereta linakohoa.

MbaraMpole:
Pole sana kaka. Ila jana mpira wameonyesha nani? Kisimbuzi changu kimegoma, kinaniambia kifurushi kimeisha na juzi tu nimelipia.

FundiSimuDarajani:
Kizime, chomoa waya nyuma, ngoja dakika mbili, rudisha.

Mwanakikwajuni:
Hakuna atakayenijibu? Yuko sawa yule mzee au hayuko sawa?

BiMkubwaMichenzani:
Mzee gani tena, mwanangu? Fundi, hebu nambie, ile ya Kituruki ya yule msichana wa bandarini unayo mpaka ngapi? Mie nimekwama pale mama mkwe kaficha barua.

FundiSimuDarajani:
Ninayo nzima Bi Mkubwa. Mtume mjukuu kesho baada ya laasiri. Ila Kiswahili ile ile ya sauti moja.

BiMkubwaMichenzani:
Lete hivyo hivyo.