SSD yangu imebaki asilimia 61, nimepata hofu. Naomba ushauri

MpigaVideo_Sinza
Wakuu, heshima kwenu. Naediti video za harusi na sendofu hapa Sinza. Miezi 14 iliyopita nilinunua SSD (diski ya kompyuta inayotunza data kwenye chipu) ya GB 240 Kariakoo, mpya, boksi halijafunguliwa. Juzi kijana ninayefanya naye kazi kanifungulia CrystalDiskInfo, programu ya kupima diski: afya asilimia 61, data iliyoandikwa TB 46. Kwenye karatasi yake TBW, yaani jumla ya TB za kuandika, ni 80. Nikipiga hesabu nimebakiza TB 34, yaani asilimia 42 tu. Sasa mbona yenyewe inasema 61? Na ikifika 80 ndiyo inazima? Humo ndani kuna harusi mbili sijazikabidhi, na harusi hairekodiwi mara ya pili. Usingizi umepungua kweli.

FundiIlala
Mkuu, pole. TBW ni mpaka wa dhamana, si siku ya kufa. Kiwanda kinakuambia: ikiharibika kabla ya miaka fulani au kabla hujaandika TB 80, lolote litakalotangulia, tunakubadilishia. Tovuti ya Tech Report ya Marekani ilichukua SSD sita za GB 240 hadi 256 mwaka 2013, ikaziandikia usiku na mchana. Zote zilivuka TB 700, na ya mwisho, Samsung 840 Pro, ilikata roho mwaka 2015 baada ya TB 2,400. Ila usijipe moyo sana kwa hilo, nyingi kati ya zile zilikuwa za MLC, aina ya chipu inayovumilia zaidi. Za bei nafuu siku hizi ni TLC au QLC, zinazochakaa haraka zaidi.

Hiyo 61 inahesabu kitu kingine. Data inakaa kama chaji ndani ya seli, na kila seli ikifutwa na kuandikwa upya, kuta zake zinachakaa kidogo. TLC huvumilia takribani mara 1,000 hadi 3,000. Afya inatazama seli zimeshafutwa mara ngapi. Halafu kuna hili watu hawalijui: SSD haiwezi kufuta kipande kidogo, inafuta bloku nzima. Ikijaa, inalazimika kuhamisha data iliyopo ili ipate bloku ya kufuta, kwa hiyo wewe unaandika GB 1, yenyewe ndani inaandika 2 au zaidi. Una nafasi kiasi gani?

MpigaVideo_Sinza
GB 11, mkuu.

FundiIlala
Hapo ndipo unapoiumiza. Acha wazi angalau GB 40. Na usiifanyie difragi (kupanga upya vipande vya faili) hata siku moja.

DadaMtandao
Kaka, samahani, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) una ngapi? TB 46 kwa miezi 14 ni kama GB 110 kwa siku, na sidhani kama unarekodi harusi kila siku. RAM ikijaa, Windows inamwaga mzigo kwenye SSD kimyakimya. Andika asubuhi ile namba ya data iliyoandikwa, angalia tena mchana kabla hujarenda (kutoa video iliyokamilika) chochote.

MpigaVideo_Sinza
Dada, RAM ni GB 8. Nimefanya ulivyosema. Saa nne asubuhi nimeandika kwenye daftari: GB 46,112. Nikafungua Chrome na programu ya kuediti, nikaingiza klipu za sendofu moja, nikatoka kwenda kuzungumza na mteja. Saa sita: 46,131. GB 19 na sijarenda hata sekunde moja!

DadaMtandao
Umeona? Ongeza RAM ifike 16, na faili za muda za programu zihamishie kwenye diski ya HDD, ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka.

MzeeWaKimara
Vijana, mmesema vizuri, ila mimi yangu ilikufa ikiwa na afya asilimia 97. Umeme ulikatika mara tatu jioni moja, kesho yake kompyuta haikuiona kabisa. HDD kwa kawaida hugonga na kulalamika kabla ya kufa, mtu akajiandaa. SSD mara nyingi huondoka bila kuaga. Mwanangu, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kwanza, na zile harusi zinakili leo, usisubiri Jumamosi.

MpigaVideo_Sinza
Shikamoo mzee, nimekusikia. Nikinunua mpya, hii naweza kuiweka kabatini iwe ghala la harusi za zamani?

FundiIlala
Hapana, mkuu. SSD isiyo na umeme huvujisha chaji polepole, na iliyochakaa huvuja haraka zaidi. Kipimo cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kwa SSD za kawaida zilizomaliza uhai wake ni kutunza data mwaka 1 kwenye nyuzi joto 30. Kabati la Dar mwezi wa pili unalijua. Ghala liwe HDD. Mpya tafuta ya TB 1. Samsung 870 EVO ya ukubwa huo ina TBW 600, kwa mwendo wako ni kama miaka 15. Ukishanunua, ijaze yote kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski, kabla ya kuiamini, maana feki zimejaa.

MpigaVideo_Sinza
Mrejesho, wakuu. Harusi zote mbili zina nakala kwenye HDD mbili, moja iko kwa shemeji Mbezi. RAM nimeongeza, UPS nimechukua, mpya nitanunua mwisho wa mwezi. Jana nimeediti kutwa nzima na kurenda mara moja: GB 31.