Mjomba wa watoto kagoma kunirudishia wanangu, nianzie wapi?

FundiChikongola:
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mtwara mjini. Mke wangu alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini, ukoo wake, Wamakonde wa Newala, waliomba wakae na watoto mpaka nitulie. Wa kike ana miaka 9, wa kiume 5. Nilikubali mwenyewe, hilo sibishi. Nilikuwa nalala gereji, na yule mdogo alikuwa hanyamazi kwa mtu ila kwa bibi yake.

Sasa nimepanga vyumba viwili, dada yangu kahamia kwangu. Nikaenda kuwaomba. Shemeji, mjomba wao, kanijibu mbele ya wazee kwamba watoto ni wa ukoo wa mama, mimi nilikuja kuoa tu. Eti hata sheria inasema chini ya miaka saba mtoto ni wa kwa mama.

Jumanne nikapanda Newala bila kutoa taarifa. Saa nne asubuhi, siku ya shule, namkuta binti yangu uani anabangua korosho kwa jiwe. Nikamshika mkono: vidole vimebabuka, ngozi nyeusi inatoka kama ganda la kitunguu. Akavificha nyuma. Akaniuliza, "Baba, baiskeli yangu umeuza?" Sijauza. Inaning'inia ukutani gereji, tairi nimebadilisha juzi.

Nusura nimpakie nishuke naye. Nikaogopa kuitwa mwizi wa watoto. Niende polisi, mahakamani, au nirudi kwa wazee?

MamaNachi:
Pole sana kaka. Heri hukumpakia, ungempa shemeji yako pa kuanzia. Vile vidole ulivipiga picha?

Paralegal_Masasi:
Mkuu, hiyo ya miaka saba shemeji kaisikia nusu. Ipo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125: inadhaniwa mtoto wa chini ya miaka saba ni vema akae na *mama yake*. Mama mwenyewe, si ukoo wake. Tena ni dhana tu, inaweza kupingwa kwa ushahidi. Mila nazo hutazamwa na matakwa ya mtoto mwenye umri wa kujieleza husikilizwa, lakini kinachotangulia ni ustawi wa mtoto.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri wanakoishi watoto. Ikishindikana, peleka maombi Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Hakimu anaweza kuagiza ustawi wachunguze nyumba zote mbili, yako na ya shemeji. Beba vyeti vya kuzaliwa, cheti cha kifo, mkataba wa pango, na meseji zote za pesa ulizotuma. Usifute hata ya elfu tano.

Kuna jambo litakuuma: watakuuliza kwa nini uliwaacha muda wote huo. Sema ukweli kama ulivyosema hapa.

MjukuuWaNewala:
Ngojeni kwanza. Kwetu mjomba si mpita njia. Ndiye mwenye neno kwenye jando, ndiye anayeitwa posa ikija. Ukimburuza kortini, siku ya unyago wa binti utakaa wapi? Tafuta mzee wa kwao anayekuheshimu, akamwone bibi faraghani. Bibi akilainika, mjomba hana ubavu.

MamaNachi:
Unyago wa nani, mtoto hata shule haendi? Bibi aonwe, sawa, ila ustawi aende wiki hii hii.

FundiChikongola:
Nashukuru wote. Nimefanya yote mawili. Mama mkwe kalia, kasema hakujua binti anakosa shule kiasi kile; ni kweli macho yake hayaoni vizuri siku hizi. Lakini kasema pia mdogo asitolewe ghafla, usiku bado anamwita yeye. Hapo nimenyamaza, maana ni kweli.

Afisa ustawi kamwandikia shemeji barua ya wito, tunakutana Alhamisi. Hakuniuliza habari za ukoo kabisa. Kauliza watalala wapi. Nikamwambia chumba kipo, kitanda bado.

Kuna mwenye kumjua seremala wa dabodeka za bei nafuu hapa mjini? Naihitaji kabla ya Alhamisi.