Naomba ushauri: niwekeje kumbukumbu za safari yangu ya matibabu ya saratani?

Mwalimu wa Nyanda za Juu (mleta uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Iringa, mke na mama wa watoto watatu, na tangu mapema mwaka huu ninatibiwa saratani ya titi. Nimeshafanyiwa upasuaji, na sasa ninaendelea na dawa za dripu jijini Dar es Salaam, ambako hukaa kwa dada yangu kila ninapokuja, huku mume wangu akibaki nyumbani na watoto. Baada ya dripu hunibidi kupumzika kwa dada mpaka nipate nguvu za kuhimili safari ya basi kurudi Iringa.

Nimenunua kaunta buku ili niandike ninayoyapitia. Ukurasa wa kwanza niliandika tarehe, majina ya dawa kama muuguzi alivyonisomea, na habari ya ile dawa nyekundu iliyobadilisha rangi ya mkojo wangu hata nikadhani ninatoka damu, mpaka nilipoelezwa kwamba ni rangi ya dawa yenyewe na kwamba itaisha baada ya siku moja au mbili. Nilipomaliza kuandika nilijisikia mwepesi kwa namna ambayo sikuitarajia, na ndiyo maana sitaki kuiacha kazi hii. Hata hivyo nimekwama.

Dada yangu, ambaye ninamheshimu na ambaye ndiye anayenipikia na kuniamsha usiku ninywe maji, hapendi kuniona nikiandika habari za ugonjwa. Anasema maneno huumba, na kwamba mtu anayeandika mateso yake kila siku anayaita yakae. Tena, siku ambazo ningekuwa na mengi ya kueleza ndizo siku za kichefuchefu, ambapo hata kushika kalamu siwezi, na nikipata nafuu ninakuta nimeshasahau mpangilio wa mambo. Zaidi ya hayo, kuna maneno ambayo wifi yangu aliyasema mbele ya kitanda changu, kuhusu titi langu na ndoa yangu, ambayo sijamwambia mume wangu. Nikiyaandika, ninaogopa watoto watakuja kuyasoma na kumchukia shangazi yao, na nikiyaacha ninahisi daftari zima litakuwa la uongo. Mwisho, binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili na ananiuliza maswali mazito, nami sijui kama ninapaswa kuandika kwa ajili yangu au kwa ajili yake.

Naomba mnishauri, hasa ninyi mliowahi kupita njia kama hii au kuuguza.

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, mwalimu, na hongera kwa kuanza. Nimefanya kazi wodini kwa muda mrefu, kwa hiyo nitasema yale ninayoyajua vizuri.

Hata kama hutaandika neno moja la hisia zako, andika mambo yatakayomsaidia daktari. Mgonjwa anapoulizwa kliniki, "Ulitapika kwa muda gani?" au "Homa ilianza lini?", mara nyingi hujibu kwa kukisia, na dozi inayofuata hupangwa kwa kukisia huko. Andika tarehe ya dripu na uhesabu siku kuanzia hapo, kwa sababu chembe nyeupe za damu mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, na hicho ndicho kipindi ambacho mwili hauna ulinzi wa kutosha. Nunua kipimajoto, na kila unapojisikia joto au baridi ya kutetemeka, pima na uandike namba pamoja na saa. Ikifika nyuzi 38 au zaidi, weka kalamu chini na uende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama unajiona una nguvu, kwa maana homa ya mtu aliye kwenye dawa hizi haisubiri asubuhi.

Andika pia vidonda vya mdomoni, choo, na ganzi ya vidole. Ganzi wagonjwa wengi huidharau, ilhali kuna dawa ambazo daktari hulazimika kuzipunguza au kuzibadilisha akisikia kwamba mgonjwa anashindwa kufunga vifungo vya shati. Na ukinywa dawa yoyote ya mitishamba uliyoletewa na ndugu, iandike na uitaje kliniki bila kuona haya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na afya yako ni mali.

Kuhusu dada yako, mwambie kwa upole kwamba ugonjwa wako ulishaandikwa kwenye faili la hospitali tangu siku yalipotoka majibu ya kinyama kilichopimwa, na maandishi hayohayo ndiyo yanayowawezesha madaktari kukutibu. Kuandika kwako hakuongezi kitu juu ya hapo isipokuwa sauti yako mwenyewe.

Mnasihi wa Morogoro

Ninaunga mkono aliyosema muuguzi, na ningependa kuongeza upande wa moyo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu walioandika kwa dakika 15 kila siku, kwa siku nne mfululizo. Walioandika tukio zito la maisha yao pamoja na walivyojisikia walikwenda kwenye zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini watu hao hao, mara tu baada ya kuandika, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao. Tafiti nyingi zimefuata tangu wakati huo, na kwa ujumla faida iliyoonekana ni ndogo, haifanani kwa watu wote, wala haichukui nafasi ya matibabu. Ninayataja haya, mwalimu, ili siku utakapofunga daftari ukiwa na machozi usidhani kwamba dada yako alikuwa na haki na kwamba umejidhuru. Mara nyingi uzito huo hupungua ndani ya saa chache.

Usipopungua, yaani ukiona kwamba kila ukiandika unarudia jambo lilelile kwa maneno yaleyale, usingizi unapotea, na unaanza kuandika kwamba afadhali usiwepo, acha kuandika peke yako na utafute mtu wa kuzungumza naye uso kwa uso. Muulize daktari wako au ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Daftari halikujibu, na kuna nyakati ambapo binadamu anahitaji kujibiwa.

Sijakubaliana na wale wanaoshauri kwamba mgonjwa aandike shukrani na matumaini peke yake. Siku uliyoshindwa kumeza mate, andika kwamba ulishindwa kumeza mate. Tumaini la kujilazimisha humchosha mgonjwa kuliko dawa.

Mkaazi wa Mombasa

Pole, dada, Mungu akuafu. Juu ya siku za kichefuchefu, mbona usitumie simu? Fungua sehemu ya kurekodi sauti, sema tarehe na maneno mawili matatu, kisha lala. Mamangu alipokuwa mgonjwa wa figo tulifanya hivyo, na hata siku ambazo hakusema neno tulirekodi kwa niaba yake saa aliyokula na alichokula. Ukipata nafuu utasikiliza na kuhamishia kwenye daftari yale unayoyataka. Weka nywila kwenye simu, na umpe mtu mmoja unayemwamini nywila hiyo, kwa kuwa simu ikiharibika au ikifungwa moja kwa moja, kila kitu kitapotea nayo.

Wala usione aibu kwa maandishi mafupi. Nelson Mandela akiwa gerezani aliandika kwenye kalenda za mezani kuanzia mwaka 1976 hadi 1989, na mengi ya aliyoyaandika humo ni mstari mmoja tu: nani alikuja kumtembelea, kipimo cha shinikizo la damu, ndoto aliyoota. Siku nyingi aliziacha wazi.

Baba Watatu

Mwalimu, nimeusoma uzi wako mara kadhaa kabla ya kujibu. Mke wangu aliugua saratani ya shingo ya kizazi, akatangulia mbele za haki, na aliacha daftari. Ninaomba nizungumze kama mtu aliyebaki kulisoma, bila kumaanisha kwamba safari yako itaishia kama yake, kwa maana wako wengi waliotibiwa saratani ya titi wakapona, na ninakuombea uwe mmoja wao.

Kurasa ninazozirudia si zile alizoandika kwa maneno mazuri. Ni zile zenye vitu vidogo: jirani aliyemletea uji wa ulezi kabla hajaamka, bei ya bajaji aliyobishana nayo akiwa hana nguvu za kubishana, jina la mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye walikuwa wakichekeana. Mle ndimo ninamokuta mwenyewe alivyokuwa, na watoto wetu nao humkuta mle.

Kuna ukurasa mmoja unaonitesa, nao unahusu jambo uliloliuliza. Aliandika sentensi mbili za uchungu juu ya dada yangu, bila tarehe, bila kueleza kilichosemwa, na hakulirudia tena jambo hilo popote. Mpaka leo sijui lilikuwa neno gani, wala sijui kama walipatana. Dada yangu ninamtazama na kushindwa kumuuliza. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba, ukiamua kuandika maneno ya wifi yako, yaandike kamili kama yalivyosemwa, weka tarehe, taja waliokuwepo, na useme ulivyoumia. Kisha uache nafasi chini yake. Jambo likibadilika, akija kukuomba radhi au ukimsamehe kimoyomoyo au akirudia tena, rudi kwenye nafasi hiyo uandike. Msomaji anaweza kuubeba ugomvi wenye mwanzo na mwisho. Ule wa nusu humwachia kazi ambayo hawezi kuimaliza.

Na kama hutaki usomwe kabisa, uandike kwenye karatasi ya pembeni na uichane ukimaliza. Hilo nalo si uongo. Hakuna anayekudai kila kitu.

Binti wa Kagera

Shikamoo, mwalimu. Nitajibu kuhusu binti yako, kwa sababu mimi nilikuwa binti kama huyo.

Nimezaliwa Bukoba, katika mkoa ambao wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, na wazazi wangu wote wawili walifariki nikiwa mdogo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, katika miaka ya 1990 kina mama wa chama cha wanawake wanaoishi na VVU, NACWOLA, walianza kuwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Mama aliandika mtoto alizaliwa wapi na saa ngapi, alianza kutembea lini, alipenda kula nini, ukoo wa baba na wa mama unatokea wapi, nani ni ndugu wa kukimbilia, na ugonjwa wa mama ni upi. Wengi waliandika wakiwa pamoja na watoto wao, na kwa baadhi yao kitabu hicho ndicho kilichowapa njia ya kuwaambia watoto ukweli ambao walishindwa kuutamka kwa mdomo. Sisi nyumbani kwetu hatukuachiwa kitu kama hicho. Ninajua tarehe yangu ya kuzaliwa kwa makadirio ya bibi.

Ndiyo maana ninakusihi utenganishe madaftari. La kwako liwe lako, lenye hasira na hofu na maneno ya wifi, na ulifungie sandukuni. La binti yako liwe jingine, na usilifanye la ugonjwa tu. Mwandikie mambo ambayo wewe peke yako ndiye unayeyajua juu yake. Msianze kuliandika kwa sababu unaumwa, lianzeni kwa sababu yuko kidato cha pili na anauliza maswali, mkae mezani muandike pamoja. Ukipona, na tunaamini utapona, litabaki kuwa daftari lenu.

Nyongeza ndogo: mambo ya shamba, nyumba na mafao usiyaweke humo ukadhani umeandika wosia. Wosia una utaratibu wake wa kisheria na mashahidi wake, na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huwasaidia wananchi kuuandika na kuutunza.

Mwalimu wa Nyanda za Juu (mleta uzi)

Nimesoma majibu yote, na mengine nimemsomea dada yangu kwa sauti. Hoja ya faili la hospitali ameikubali, ingawa amesema ataendelea kuniombea kila akiona nimeshika kalamu, nami nimempokea kwa hilo. Kaunta buku itakuwa yangu, na kurasa za nyuma nimezipiga mistari kwa ajili ya tarehe, joto la mwili na dawa. Daftari la binti yangu nitalinunua nikirudi Iringa, achague yeye mwenyewe jalada. Baba Watatu, maneno ya wifi nimeyaandika leo mchana, na nimeacha nafasi chini yake kama ulivyoelekeza. Sijui bado nitaijaza kwa neno gani.

Muuguzi, nina swali moja limebaki. Kliniki niende na kaunta buku nzima? Ninaona haya kumfungulia daktari kurasa ambazo mbele yake kuna siri zangu.

Muuguzi Mstaafu

Usiende nayo. Jioni kabla ya kliniki, toa karatasi moja na unakili mambo yaliyotokea tangu dripu iliyopita: siku za homa na namba zake, siku za kutapika, ganzi ilipoanzia na ilipofikia, na dawa zote ulizokunywa, zikiwemo za dukani. Upande mmoja wa karatasi unatosha. Juu kabisa andika swali ambalo hutaki kuondoka bila jibu lake, kisha umwambie daktari mara tu unapoketi kwamba una swali, kwa sababu foleni huwa ndefu na mgonjwa anayengoja kuulizwa hutoka nje akiwa nalo mkononi. Karatasi hiyo ikirudi na maelezo ya daktari, ibandike kwenye kurasa zako za nyuma.