Chuo au nianze kazi ya netiweki? Ushauri wakuu, siku zinaisha

MtotoWaMakorora: Wakuu salaam. Nilimaliza form four hapa Tanga, fizikia nina C na hesabu C, nimepata nafasi DIT, chuo cha teknolojia Dar, diploma ya kompyuta miaka mitatu, na huku Ngamiani kuna bosi anafunga intaneti na kamera kwenye maduka na magesti kaniambia nipige kazi kwake, posho na nauli juu yake, na kazi yenyewe naipenda kinoma nimeshaanza kusoma CCNA, kile cheti cha netiweki cha Cisco, kwenye simu. Usajili unafungwa wiki ijayo. Usingizi sipati.

FundiKebo: Kazi kwanza dogo. Mimi nimejifunzia darini kwa watu, joto na panya, leo nalisha familia. CCNA hawakuulizi diploma, unalipia, unakaa kwenye mtihani dakika 120, basi. Packet Tracer, programu ya kufanyia mazoezi ya netiweki, ni bure, shusha ucheze na VLAN, kugawa netiweki moja vipande, usiku.

BintiRaskazone: Hawakuulizi, ila baada ya miaka mitatu kinaisha unahuisha tena. Kaka angu mtundu wa ruta balaa, nafasi za serikali zikitoka Ajira Portal anaishia kuzisoma tu, diploma hana. Nenda chuo.

MzeeWaPongwe: Vijana mnapenda hela ya haraka. Sisi reli ulikuwa hushiki spana mpaka ufundishwe. Halafu CCNA kwenye simu, macho utaazima kwa nani?

BintiRaskazone: Mbona humuagi tu huyo bosi? Umeshasaini?

MtotoWaMakorora: Sijasaini kitu dada. Ila cheti changu anacho yeye.

FundiKebo: Cheti kipi?

MtotoWaMakorora: Cha form four, orijino. Alisema ni dhamana sababu nitashika mashine yake ya kuunga faiba na ile ni mamilioni. Sio mtu mbaya, anaswali msikiti mmoja na baba, na kazi ananifundisha kweli.

KichwaNgumu: Chai hii. Nani anamkabidhi mtoto mashine ya faiba? Kama upo saiti taja rangi za nyaya za kebo kwa mpangilio wa B, usigugo.

MtotoWaMakorora: Nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Jana kuna kichwa cha kebo nimekibana bluu ikawa fupi haijafika mbele, kwenye testa taa ya nne haiwaki, nikakata nikaanza upya.

KichwaNgumu: Rangi hata mpwa wangu kakariri. Weka picha ya mashine.

FundiKebo: Muache bwana, hiyo taa ya nne ni ya mtu aliyeshika kebo. Dogo, kazi ni nzuri ila sio kwa mtu anayeshikilia orijino, siku ukitaka kuondoka ndo utamjua. Mpe kopi yenye muhuri wa wakili, orijino irudi nyumbani. Nenda na baba.

MtotoWaMakorora: Baba hajui. Anajua naenda twisheni.

BintiRaskazone: Ehee! Kumbe. Mwambie leo leo mdogo wangu.

MtotoWaMakorora: Nikimwambia atamvaa bosi, kazi itakufa. Nilikuwa nawaza niombe chuo tena mwakani, nikiwa na akiba kidogo.

BintiRaskazone: Mwakani utaombea cheti cha nani?

MzeeWaPongwe: Mwanangu, hapo Ngamiani watu wazima wengi nawafahamu. Ni barabara ya ngapi? Mimi naweza kukaa na baba yako kwanza, tuongee kiutu uzima kabla hajapandisha hasira.

MtotoWaMakorora: Shikamoo mzee. Hapa siwezi kuitaja, nimekutumia PM.