Mjadala: Vidonge vya antioksidanti vihesabiwe chakula au dawa?

Mtoa Dawa

Ndugu zangu, mjomba wangu alikuja dirishani kwangu na kopo lenye picha ya karoti na komamanga, akaniuliza kama anaweza kuvimeza vidonge vyake pamoja na dawa za hospitali. Mjomba amevuta sigara zaidi ya miaka thelathini, ameacha mwaka huu, na sasa anapigwa mionzi kwa saratani ya koo. Kopo aliuziwa kwenye semina ya afya baada ya ibada, shilingi elfu tisini na tano, la mwezi mmoja. Aliambiwa hizo ni antioksidanti (kemikali zinazozima chembe ziitwazo radikali huru, ambazo huharibu seli), zinasafisha sumu na zitamkinga na madhara ya mionzi. Nikaligeuza kopo nyuma: beta-karotini, vitamini E, vitamini C, seleniamu, vipimo vikubwa vikubwa. Kuhusu mvutaji wa sigara au mgonjwa wa saratani, hakuna hata neno moja.

Nieleze kwa nini nilishtuka. Zamani wataalamu waliona kwamba watu wanaokula matunda na mboga kwa wingi wanaugua saratani ya mapafu kidogo kuliko wengine. Wakawaza, pengine siri ni beta-karotini, ile rangi ya karoti na boga. Finland wakachukua wanaume 29,133, wote wavutaji, wa miaka 50 hadi 69, baadhi wakapewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku. Matokeo yalitoka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Marekani walikuwa na utafiti kama huo kwa wavutaji, walioacha kuvuta na wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, watu 18,314, baadhi wakipewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Waliusimamisha Januari 1996, miezi 21 kabla ya wakati, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17.

Vidonge vilivyotarajiwa kuwakinga ndivyo vilivyowaongezea maradhi. Miaka thelathini imepita, na bado mtu wa semina anamuuzia mjomba wangu.

Msimamo wangu nauweka wazi: kidonge chenye kipimo ambacho mtu hawezi kukipata kwenye sahani yake kihesabiwe dawa. Kisajiliwe hivyo, kiandikwe onyo, na anayekiuza awe amefunzwa. Hapa Tanzania, tangu 2019 usimamizi wa chakula ulihamia TBS (shirika la viwango) na dawa zikabaki TMDA (mamlaka ya dawa), kwa hiyo swali la chakula au dawa si la maneno tu. Semeni.

Mama Faraja

Mdogo wangu, pole sana kwa mjomba, Mungu amponye. Mimi ni wakala wa virutubisho mwaka wa sita sasa, na sioni haya kusema. Nimesomesha watoto wawili kwa makopo hayo unayoyasema.

Unazungumza kama kwamba kila mtu ana duka la dawa jirani na sahani yenye matunda. Wateja wangu wanakula ugali na dagaa asubuhi mpaka jioni. Chungwa likifika sokoni kwetu limepanda bei mara tatu. Mtu kama huyo ukimwambia "kula mboga na matunda" umemwambia nini? Na Serikali yenyewe mbona inagawa matone ya vitamini A kwa watoto wa miezi sita hadi miaka mitano, mara mbili kwa mwaka, pamoja na dawa za minyoo? Kama vidonge ni vibaya, hayo nayo ni mabaya?

Kuna la macho pia. Mama yangu ana ugonjwa wa kuchakaa kwa sehemu ya kati ya nyuma ya jicho, unaokuja na uzee. Daktari bingwa wa macho ndiye aliyemwandikia vidonge vya antioksidanti, si mimi. Ukivifanya dawa, watakaoruhusiwa kuuza ni wenye maduka, kina mama kama mimi tutakaa nyumbani, na bei itapanda. Hilo mmelifikiria?

Kijana wa Ujiji

Swali kwa Mtoa Dawa. Miligramu 20 za beta-karotini ni kama karoti nne hivi za wastani. Karoti nne mtu anazila na hafi. Na sisi Kigoma tumekulia mawese, na wekundu wake wote ule ni karotini. Sasa kipimo "kisichopatikana kwenye sahani" kiko wapi hapo? Naona mpaka unaouchora haushiki.

Bin Pemba

Assalaam aleikum. Mimi nachangia upande wa karafuu, maana kwetu ndiyo mali yetu.

Siku hizi kila ujumbe wa WhatsApp unasema karafuu ndiyo mfalme wa antioksidanti duniani. Kwa kipimo cha maabara ni kweli. Watafiti wa Norway walipima vyakula zaidi ya 3,100, matokeo yakatoka 2010, na viungo vilishika nafasi za juu, karafuu ikiwa mbele ya viungo vyote. Lakini kipimo kile kinafanyika kwenye chupa. Unasaga kitu, unakichanganya na kemikali, unaangalia kinavyoitikia. Mtu hali karafuu gramu mia, anatia punje tatu nne kwenye chai au pilau. Na kile kinachoshuka tumboni, utumbo na ini hukigeuza kabla hakijafika kwenye damu, tena kingi hutoka kwenye mkojo. Idara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na orodha ya namna hiyo kwenye tovuti yake, ikaiondoa 2012 kwa sababu kampuni zilikuwa zinaitumia kuuzia bidhaa, na namba zile hazikuonyesha chakula kinafanya nini ndani ya mtu.

Linaloniuma ni hili. Kwa sababu ya ujumbe huo, watu wameanza kunywesha watoto mafuta ya karafuu. Jamani, mafuta si punje! Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, ile kemikali kali ya karafuu, na mtoto mdogo akimeza hata vijiko vichache ini lake linaweza kuharibika vibaya. Bibi yangu alikuwa akitia tone moja kwenye pamba kwa jino linalouma, na chupa ikirudi juu ya kabati palepale. Hakuna aliyemfundisha darasani, lakini alijua kwamba kitu kikikamuliwa na kukolezwa si kile tena.

Mtoa Dawa

Bin Pemba ameanza kumjibu Kijana wa Ujiji kabla yangu, na nimshukuru.

Kijana, swali lako ni zuri, nalo lilinisumbua hata mimi. Karoti mbichi haiachii karotini yake kirahisi, sehemu kubwa inapita tumboni na kutoka. Ukiipika na mafuta kidogo inaachia zaidi, ndiyo maana mchicha wa mafuta una faida kuliko uliochemshwa mkavu. Kidonge kimetengenezwa ili kifyonzwe chote kinachoweza kufyonzwa. Kule Finland, beta-karotini kwenye damu ya waliomeza vidonge ilipanda zaidi ya mara kumi. Karoti nne kwa siku hazikufikishi hapo. Na katika utafiti uleule, wanaume walioanza wakiwa na karotini nyingi kutokana na chakula chao walipata saratani ya mapafu kidogo kuliko wenzao. Kemikali ni ile ile na wavutaji ni wale wale. Iliyoletwa na sahani ilienda pamoja na nafuu, iliyoletwa na kopo ikaja na madhara.

Kwa hiyo narekebisha maneno yangu: mpaka usiwe miligramu tu, uwe kiasi kinachoingia kwenye damu. Mawese yako endelea nayo, mradi msiyachome mpaka yapoteze wekundu, maana karotini nayo inakuwa imeungua.

Mama Faraja, kwa heshima, naomba nikujibu kwa kirefu kidogo. Matone ya watoto ni kwa sababu watoto wengi wanapungukiwa vitamini A, na upungufu huo unapofusha na kuua. Ni kipimo maalumu, kwa umri maalumu, na anatoa mhudumu wa afya. Hilo ndilo hasa ninalolidai. La mama yako pia ni kweli. Utafiti wa Marekani wa 2001 ulionyesha mchanganyiko wa vitamini C, E, beta-karotini na zinki ulipunguza kwa takriban robo hatari ya ugonjwa ule kufikia hatua mbaya, kwa watu ambao tayari walikuwa nao katika hatua ya kati. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 2013 waliondoa beta-karotini na kuweka lutini na zeaksanthini, rangi nyingine za mboga, kwa sababu walioacha sigara walikuwa wakipata saratani ya mapafu zaidi. Daktari wa mama yako anaijua habari hiyo. Mtu wa semina hakumuuliza mjomba hata kama amewahi kuvuta.

Nuru wa Temeke

Nimesoma kimya kimya, sasa niongee. Mimi ninaishi na virusi vya UKIMWI tangu 2003, na jambo hili limepita kwenye maisha yangu.

Nyie mnataja Finland na Marekani, wakati utafiti mkubwa ulifanyika hapahapa Dar es Salaam. Wajawazito 1,078 wenye virusi waliandikishwa kuanzia 1995, Muhimbili wakishirikiana na Harvard. Enzi hizo ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, hazikuwepo kwa watu kama sisi. Matokeo ya 2004 yalionyesha vitamini B, C na E ziliwachelewesha kina mama kuzidiwa: kati ya waliopewa vitamini hizo, waliofika hatua ya nne ya ugonjwa au kufariki walikuwa asilimia 24.7, na kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa asilimia 31.1. Kwetu haikuwa tofauti ndogo. Lakini vitamini A katika utafiti huohuo iliongeza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Kisha dawa zikaja. Wakajaribu tena hapahapa Dar, watu wazima 3,418 wanaoanza ARV, wengine wakipewa vitamini kipimo kikubwa na wengine cha kawaida. Kipimo kikubwa hakikuongeza faida yoyote, na kilipandisha dalili za ini kuumia. Wakausimamisha mapema, 2011.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu Afrika Kusini yule Matthias Rath, daktari Mjerumani muuza vitamini, aliichukua ile habari ya Dar na kuwatangazia wagonjwa kwamba vitamini zinatosha, ARV ni sumu. Watafiti wenyewe walimkana. Juni 2008 Mahakama Kuu ya Cape iliamua kwamba majaribio yake kwa wagonjwa hayakuwa halali. Nami nilikuwa na rafiki aliyeacha dawa akashika makopo. Simtaji jina, na mtu aliyempa simtaji. Watoto wake ni wanangu wa ubatizo.

Mama Faraja, najua wewe si huyo mtu. Ila naunga mkono makopo hayo yawekewe masharti.

Kijana wa Ujiji

Nuru, pole sana. Nimekubali hoja ya damu, Mtoa Dawa. Sasa nielewesheni kitu kimoja. Kama radikali huru zinaharibu mwili, na antioksidanti zinazizima, inakuwaje kuzima kukalete madhara?

Mwalimu wa Baiolojia

Nijibu hapo. Wazo la kwamba uzee unaletwa na radikali huru lilitolewa na Denham Harman 1956, na limefundishwa kana kwamba radikali ni adui tupu. Kumbe mwili unazitumia. Seli nyeupe za damu huua vijidudu kwa kuvimwagia hizohizo. Ukifanya mazoezi, radikali zinazozalishwa ndizo zinazouambia msuli ujiimarishe. Wajerumani walilipima hili 2009: vijana waliofanya mazoezi wiki nne bila vidonge, insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi, na waliomeza vitamini C na E pamoja na mazoezi hawakupata faida hiyo.

Na mionzi ya mjomba wako inaua seli za saratani kwa njia hiyohiyo ya radikali. Ukimpa ngao, seli ya saratani nayo inajificha nyuma yake. Canada waliwapa vitamini E wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo waliokuwa wakipigwa mionzi, watu 540 katika utafiti mzima, na vifo vilikuwa vingi zaidi upande wa vitamini E. Tafadhali, alimwonyesha daktari kopo hilo?

Mtoa Dawa

Nilimpeleka mwenyewe. Muuguzi wa kitengo cha mionzi alilisoma, akamwita daktari, na mjomba akaambiwa aache mpaka matibabu yaishe. Kilichomsononesha zaidi ni kwamba kwa wiki tatu alikuwa akivimeza asubuhi kabla ya kwenda kupigwa mionzi, akiamini anajisaidia. Mapera ameruhusiwa ale atakavyo, na pera moja lina vitamini C kuliko chungwa. Anakula mawili kila siku.

Mama Faraja

Nimesoma yote mara mbili. Kwenye mafunzo yetu hakuna aliyewahi kunitajia Finland, na habari ya sigara nimeisikia leo hapa. Hilo limeniuma, kwa sababu nimewauzia madereva, na madereva wanavuta.

Kuanzia kesho nitamuuliza kila mteja kama anavuta au amewahi kuvuta, na kama yuko kwenye matibabu ya saratani au ARV. Akisema ndiyo simuuzii, nitamwambia aende na kopo kwa daktari wake. Onyo liandikwe, tena kwa Kiswahili, nakubali. Lakini kusema viuzwe duka la dawa peke yake, hapo bado sijakubali. Nifundisheni mniache niuze.

Nuru wa Temeke

Na akikudanganya kwamba havuti?