Betri imevimba hadi kioo kimeinuka, na picha za daftari la kikoba zimo humo humo

MamaSwaumu_Ngamiani
Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Naomba msaada wa haraka kwa anayejua simu, maana leo Jumatano na Jumamosi hii tunavunja kikoba, yaani tunagawana akiba zetu. Naandika kwa simu ya binti yangu.

Mimi ni mweka hazina. Tuko wanawake 24 hapa Ngamiani, Tanga. Hisa moja shilingi 2,000, na mtu anaruhusiwa kununua hadi tano kwa wiki. Kila Jumamosi tukimaliza kuhesabu napiga picha kurasa za siku hiyo. Mazoea hayo ndiyo yaliyonibakisha na hesabu, kwa sababu mvua za masika zilivuja hadi kabatini na daftari likalowa. Kurasa za tangu Januari mpaka mwanzoni mwa Aprili wino umechuruzika wote, huoni jina wala tarakimu. Kwa hiyo jasho la watu la miezi ile liko kwenye hiyo simu peke yake. Memori kadi sina, wala sikuwahi kumtumia mtu hizo picha, nilikuwa nabania bando.

Sasa juzi usiku nimeiweka chaji pembeni ya mto kama siku zote. Alfajiri naishika niangalie saa, naona upande wa kushoto kioo kimeachana na fremu, mwanga unapenya pembeni kama mlango ulioegeshwa. Nikiilaza mezani inazunguka kama pia. Nyuma imeota kitumbo, ukigusa ni laini, halafu ni ya moto. Bado inawaka, ina asilimia 41.

Na betri yenyewe si ya zamani. Niliibadilisha miezi mitano iliyopita kwa 25,000. Fundi akanisifia kwamba hii ni kubwa, imeandikwa 6000 wakati ile iliyokuja na simu ilikuwa 4000. Lakini tangu siku ya kwanza ilikuwa ikifika saa kumi jioni imeisha. Jana nimerudi kwake, akaniambia niitoboe kwa pini itoe upepo, italala yenyewe. Moyo umesita.

Nitoboe au nisitoboe? Na betri ikitolewa, picha zangu zinaondoka nayo?

kijana_wa_Sahare
Mama, hiyo ni gesi tu. Yangu niliitoboa kwa sindano mwaka jana, ikafanya fyuu, nikaibandika solotepu, nikatumia miezi miwili mingine. Wewe iweke kwanza friza usiku mmoja ipoe, halafu toboa. Usiingie gharama ya mpya.

Fundi_Makoroboi
Mama shikamoo. USITOBOE. Na kabla hujasoma zaidi fanya hivi: izime hiyo simu, usiichaji tena hata dakika moja, itoe chumbani unakolala. Iweke kwenye sufuria ya zamani yenye mchanga mkavu, kivulini, mbali na mapazia na jiko, watoto wasiifikie. Ukimaliza ndiyo urudi kusoma.

Picha zako hazimo kwenye betri. Zimo kwenye chipu ya kumbukumbu iliyoganda kwenye bodi ya simu, kile kibao cha saketi cha ndani. Betri inaweza kutolewa, simu ikakaa mwezi mzima haina moto, ukija kuiwasha unakuta picha ziko pale pale. Kinachoweza kuziua ni betri kuwaka ikiwa ndani na kuiunguza bodi. Ndiyo maana nakuharakisha.

Sasa kwa nini usitoboe. Ndani ya ule mfuko wa betri wenye rangi ya fedha kuna utepe mrefu umekunjwa, upande chanya na upande hasi, na kati yao utando wa plastiki mwembamba sana. Kuna na kimiminika kinachoshika moto. Betri ikipata joto au ikichajiwa kupita kiasi, kile kimiminika kinavunjika kinakuwa gesi, na mfuko umefungwa kote, ndiyo unatuna. Pini yako haichagui gesi. Ikizama kidogo tu inapita kwenye utando, inaunganisha chanya na hasi, na umeme wote uliobaki, hizo asilimia 41, unageuka joto mahali pamoja.

Nimeliona kwa macho yangu. Nina meza yangu hapa Mwanza zaidi ya miaka 12. Kijana niliyekuwa namfundisha alikuwa anabandua betri iliyovimba kwa bisibisi bapa, ncha ikapenya. Kwanza ikaja harufu tamu, kama ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Nikamwambia weka chini. Hajaiachia, ukatoka moshi mweupe, halafu mwali unaovuma kama jiko la gesi. Niliisukuma kwa koleo ikaangukia ndoo ya mchanga, tukakimbilia nje wote, maana ule moshi ni sumu. Mkeka wangu wa mpira una shimo la upana wa kiganja mpaka leo, na kijana ana kovu kwenye kidole gumba.

Mdogo wangu wa Sahare, namshukuru Mungu hukuungua. Lakini nakuomba usimwelekeze mtu tena. Friza nayo haisaidii: gesi ikishatoka haigeuki tena kuwa kimiminika, na simu ukiitoa kwenye baridi kwenda kwenye joto la Tanga inatoka jasho kwa ndani, maji yanakaa juu ya bodi.

Kuhusu ile 6000. Mama, nafasi ya betri ndani ya simu ni ile ile, haikui kwa sababu mtu amebandika lebo mpya. Siku nyingine iombe uishike mkononi pamoja na ile ya zamani. Feki mara nyingi ni nyepesi, na kile kibao kidogo cha saketi ya ulinzi kinachotakiwa kukata umeme ikijaa, ndicho wanachobania. Hili linaniuma sana. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu feki nchi nzima kwa kutumia IMEI, ile namba ya utambulisho ya kila simu, wateja wakajifunza kubonyeza *#06# kuiona. Betri haina IMEI. Mama wa watu ataijuaje? Pamoja na hayo nisidanganye, hata ya kampuni huvimba ikizeeka au ikichemshwa, na kuchaji usiku kucha kwenye godoro ni kuichemsha, maana godoro linazuia joto lisitoke.

Tafuta fundi mwenye pawa saplai ya mezani, kile kifaa cha kuilisha simu umeme bila betri, usirudi kwa yule wa pini. Mwambie: "Sitaki simu, nataka picha." Atachomoa betri, atailisha bodi umeme kutoka kwenye pawa saplai au atachomeka betri nyingine nzima, ataiwasha, mtahamishia picha kwenye simu ya binti. Kazi ya muda mfupi. Akishika bisibisi kubandulia betri, chukua simu yako uondoke.

Pongwe_Kwetu
Dada, na mimi niko kwenye kikoba, naujua huo moto wa wiki ya kuvunja. Mwite mwenyekiti leo leo umweleze, asije akasikia Jumamosi mbele ya watu 24. Na betri ikishatoka usiitupe jalalani. Taka zetu jioni tunazichoma, atakayekuwa karibu na ule moto ni mtoto wa mtu.

MamaSwaumu_Ngamiani
Ndugu zangu, leo Ijumaa usiku ndiyo nimepata utulivu wa kuandika. Nilimweleza mwenyekiti siku ile ile, akanisindikiza yeye mwenyewe barabara ya nane kwa fundi mwingine, simu nimeibeba ndani ya kopo la maziwa lenye mchanga.

Huyu alikuwa na kadi ya laini ya zamani na uzi wa kushonea, basi. Alidondosha spiriti kidogo kwenye gundi, akapitisha uzi chini ya betri, akawa anaukereza polepole kama anayekata sabuni ya kipande, hapumui. Ilipotoka tuliiangalia wote watatu, imevimba kama kitumbua. Akaiunga bodi na pawa saplai yake kwa vile vibanio vyekundu na vyeusi, simu ikawaka. Nililia pale pale kibandani.

Picha 58 zote zimehama. Ya tarehe 9 Machi mkono ulitikisika, mistari miwili haisomeki, lakini wenye hisa hizo wana vijitabu vyao na tumeshalinganisha na mwenyekiti, imekubali. Betri fundi amebaki nayo, ana ndoo anakozikusanya. Fundi wa Makoroboi, Mungu akuzidishie.

kijana_wa_Sahare
Mama nimefurahi sana. Ile yangu niliyoitoboa nilikuwa nimeihifadhi kwenye droo, chini ya kitanda anacholalia mdogo wangu. Nimeitoa nje sasa hivi. Iko kwenye kopo la mchanga, kesho naipeleka barabara ya nane.