Udongo mwekundu kugeuka kijivu, ni gesi kweli?

MtuWaKisauni: Assalam aleikum jamani. Wiki jana nalikwenda kwa shemeji kule Kiambu, si mbali na Kereita panapochimbwa gesi ya kaboni dioksidi, shamba lote udongo mwekundu ule wa kushika nguo usitoke, lakini kuna kijibonde kimoja maji yatoa povu na wala si ya moto, pale udongo ni kijivu kama jivu na nyasi hakuna. Shemeji asema gesi imekula chuma. Yawezekana?

Baharia_Tudor: Yawezekana ndugu yangu, ila si gesi yenyewe inayokula. Ule wekundu ni kutu, chuma kilichoshikana na oksijeni. Gesi ikipanda inafukuza hewa kwenye vitundu vya udongo, sasa bakteria wanaokula mabaki ya majani wakikosa oksijeni wanatumia ile kutu badala yake, basi chuma kinageuka cha aina inayoyeyuka na maji yanaondoka nacho, unabaki udongo umepauka. Nenda Mikindani maji yakitoka uchimbue tope la mikoko, ni kijivu cheusi, lakini kando ya mizizi waona vimistari vya rangi ya kutu, kwa sababu mzizi wa mkoko unashusha hewa huko chini.

MtuWaKisauni: Shukran sana. Na asidi je? Si gesi hiyo ikiingia majini inakuwa kama soda?

MwalimuBamburi: Yahusika, ni asidi hafifu, inasaidia chuma kuyeyuka, lakini kukosekana oksijeni ndiko kwenye kazi kubwa. Na si chuma chote kinachokwenda na maji, chengine hushikana na gesi ile ile kikawa madini ya sideraiti. Kule Mammoth Mountain, California, miti ilianza kufa 1990 kwa sababu gesi hii ilipanda udongoni na mizizi ikakosa hewa, ndio maana hapo kwa shemeji hakuna nyasi. Lakini nakuomba sana, msiiname kwenye hicho kijibonde. Gesi hii ni nzito kama mara moja na nusu ya hewa, yalala bondeni hasa asubuhi kukiwa hakuna upepo, na huisikii harufu. Goma wanaiita mazuku, inaua mbuzi na watu pia. Mkiona hata ndege amekufa hapo, pandeni juu mara moja.

MtuWaKisauni: Ya Rabi, wanawe huteka maji pale alfajiri. Nampigia sasa hivi.